Shimo, Nyasi na Utupa: Mazao ya Mbinga Yanavyopewa Nguvu

Ifikapo Machi, mvua zikiwa zinaelekea ukingoni, nyasi katika mashamba yaliyopumzishwa ya Umatengo huwa zimempita mtu kimo. Wilayani Mbinga, mkoani Ruvuma, huo ndio wakati wa wanaume kuingia shambani na nyengo. Nyasi hufyekwa, huachwa zinyauke juani kwa siku kadhaa, kisha hulazwa kwa mistari inayokatana, mingine ikipanda na kilima, mingine ikikingama kwenye mteremko, hadi ubavu mzima wa mlima unagawanyika viraba viraba. Baada ya hapo huingia akina mama na majembe. Kila mmoja huchimba udongo katikati ya kiraba na kuurusha juu ya nyasi pande zote nne. Katikati hubaki shimo lenye upana wa kama mita moja na nusu, na pembezoni huinuka matuta yaliyofukia nyasi. Juu ya matuta hayo hupandwa maharage.

Hiyo ndiyo ngoro, au ngolo kama wengi wanavyoitamka. Ukiitazama kutoka ng'ambo ya bonde, unaona maelfu ya mashimo yamejipanga kwenye miteremko ambayo mgeni angeona aibu hata kuiita shamba. Kinachostahili kutazamwa zaidi ni jambo ambalo halifanyiki: hakuna anayetia kiberiti. Sehemu nyingi za nchi, nyasi hizo zingegeuka majivu siku ileile, na mvua ya kwanza ingeyasomba majivu hayo hadi mtoni.

Wamatengo, wenyeji wa milima hii, hawakujifunza kilimo hiki darasani. Katikati ya karne ya 19, uvamizi wa Wangoni uliwabana milimani, kwenye maeneo yenye mapango na majabali kama Litembo, na watu wengi wakalazimika kuishi kwenye ardhi finyu yenye miinuko mikali. Kuhamahama kila udongo unapochoka hakukuwezekana tena. Ilibidi shamba lilelile lilishe watoto, wajukuu na vitukuu. Mwaka 1938 A. H. Pike aliandika makala kuhusu uhifadhi wa udongo wa Wamatengo katika jarida la Tanganyika Notes and Records, wakati ambapo serikali ya kikoloni ilikuwa ikihangaika kuwafundisha Waafrika kuzuia mmomonyoko. Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walikuja kukaa na wakulima hao na kupima kile ambacho wao walikuwa wakikifanya kwa uzoefu.

Ili kuelewa kwa nini shimo na nyasi ni tiba ya mmea, inafaa kujua kinachoupata mmea ukiwa taabuni. Mmea hauwezi kukimbia jua wala kuufuata mto. Udongo unapokauka, mizizi ndiyo huhisi mapema, nayo hutuma ishara ya kikemikali hadi kwenye majani. Majani hufunga vitundu vyake vidogo ili maji yasiendelee kupotea. Hapo mmea umeokoa maji, lakini umejifungia mlango wa chakula, kwa maana vitundu hivyohivyo ndivyo vinavyoingiza hewa ya ukaa inayotumika kutengeneza sukari. Ukame ukidumu, mmea hudumaa, maua hupukutika, na wadudu na kuvu huukuta umedhoofika. Kwa hiyo msaada wa kwanza unaohitajika ni kuchelewesha siku ile mizizi itakapolazimika kutuma ishara.

Ngoro hufanya hivyo kwa namna tatu kwa mpigo. Mvua kubwa ikinyesha, maji hayapati nafasi ya kuteremka kwa kasi. Kila shimo huyakamata, yakazama taratibu na kuloanisha matuta kutoka chini. Udongo mwepesi unaoporomoka kutoka kwenye tuta hautoki shambani, unaishia shimoni. Na zile nyasi zilizofukiwa huoza polepole, zikilisha maharage na kuuacha udongo ukiwa na chembechembe zinazoshika unyevu.

Maharage huvunwa Juni na Julai. Desemba mvua zinaporudi, mahindi hupandwa juu ya matuta yaleyale, na wakati wa palizi magugu pamoja na mabaki ya maharage hutupwa shimoni yaoze. Mahindi yakishavunwa, shamba hupumzika hadi nyasi ziote tena, ndipo mzunguko unaanza upya. Safari hii mashimo hayachimbwi yalipokuwa. Palipokuwa na tuta panachimbwa shimo, na tope lenye rutuba lililojikusanya shimoni linageuka kuwa tuta jipya. Baada ya mizunguko michache, udongo wote wa shamba unakuwa umepinduliwa na kulishwa, bila trekta na bila mfuko hata mmoja wa mbolea ya dukani.

Kuna gharama, tena kubwa, na si haki kuisifu ngoro bila kuitaja. Kuchimba mashimo hayo ni kazi ya kuumiza mgongo, na kwa desturi mzigo huo umewaangukia wanawake. Watu wameongezeka, mashamba yamegawanywa vipande, muda wa kupumzisha ardhi umefupishwa, na kahawa imechukua eneo pamoja na muda wa kazi. Wengine wameachana na mashimo wakalima matuta ya kawaida au shamba tambarare, kwa sababu tu mikono haitoshi. Yeyote anayeitakia ngoro maisha marefu aanze na swali la nani anashika jembe. Wanaume wakigawana na wake zao ile sehemu ya kuchimba, watakuwa wameifanyia ardhi ya Umatengo zaidi ya semina nyingi.

Mbali na ngoro, siku hizi katika maduka ya pembejeo kuanzia Songea hadi Mbinga mjini, rafu zimejaa chupa ambazo wakulima wanaziita busta. Baadhi ni mbolea za majani. Nyingine ni vichangamshi vya mimea: vitu ambavyo havilishi mmea moja kwa moja kama mbolea wala haviui wadudu kama sumu, bali huuchochea mmea utumie vizuri kile ulicho nacho na uvumilie ukame, joto au chumvi. Umoja wa Ulaya umeviwekea kundi lake katika kanuni ya mbolea ya mwaka 2019. Malighafi mojawapo maarufu ni mwani. Huko Kanada na Ulaya Kaskazini hutumika mwani wa kahawia wa bahari baridi, na India watafiti wamefanya kazi na maji yanayokamuliwa kutoka kwenye mwani wa jamii ileile ambayo wanawake wa Zanzibar wanaiita cottonii na ambayo, pamoja na spinosum, wamekuwa wakiilima kibiashara tangu mwishoni mwa miaka ya 1980.

Vichangamshi hivi vina kazi ya kweli, lakini vina mpaka. Mmea uliosimama kwenye udongo wenye njaa haushibi kwa kuchangamshwa. Udongo wa milima ya Mbinga una tindikali, na tindikali hiyo huifanya fosforasi ing'ang'aniwe na madini ya chuma na alumini hadi mizizi isiipate. Hapo chupa ya busta haitibu kitu. Kinachosaidia ni chokaa ya kilimo, samadi na mboji, na mbolea ya mwamba wa fosfeti kama ile ya Minjingu, mkoani Manyara, ambayo huyeyuka vizuri zaidi katika udongo wa tindikali. Mkulima mwenye shilingi chache anayejiuliza aanzie wapi, aanzie chini ya jani, kwenye udongo.

Habari njema ni kwamba vichangamshi vingine havihitaji kununuliwa, kwa sababu vimeota kando ya njia.

Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoko Arusha, ina kundi la watafiti ambao kwa miaka kadhaa wamefanya kazi na mimea miwili ambayo mtu wa Ruvuma hahitaji kuoneshwa picha yake. Mmoja ni utupa, kichaka chenye majani mororo na maua meupe au ya zambarau. Wa pili ni alizeti pori, ule mmea wenye maua ya manjano unaojaa kwenye kingo za barabara na mipaka ya mashamba. Kwanza watafiti walionesha kuwa maji ya majani ya mimea ya namna hii, yakinyunyiziwa kwenye maharage, hupunguza wadudu waharibifu na kuwaacha wadudu rafiki wakiwa na nafuu kuliko ilivyo kwa sumu za viwandani. Lakini wakulima walikuwa wakisema jambo la ziada: kwamba maharage yaliyonyunyiziwa yanastawi kuliko mengine, hata pasipo na wadudu wa kufukuzwa.

Utafiti ulioongozwa na Angela Mkindi na kuchapishwa mwaka 2020 ulilichukua neno hilo la wakulima na kulipima. Maharage yalioteshwa kwenye vyungu ndani ya banda la wavu lisiloingiliwa na wadudu, ili kama kuna nafuu isije ikasemwa imetokana na kufa kwa wadudu. Mengine yalinyunyiziwa maji ya utupa au ya alizeti pori kwenye majani, mengine yalimwagiwa maji hayo kwenye udongo. Yaliyotibiwa yalikuwa na umbijani mwingi zaidi, ile rangi ya kijani inayonasa jua. Yalizaa maganda mengi zaidi na punje nyingi zaidi. Ndani ya majani kulipatikana ongezeko la rutini na baadhi ya asidi amino ambazo mmea huzitumia kujengea kinga yake. Matokeo yalikaribiana na yale ya mbolea ya majani ya dukani, na kunyunyizia majani kulileta faida kuliko kumwagia udongo.

Wakulima, basi, walikuwa sahihi. Hilo si jambo dogo katika nchi ambayo mara nyingi mkulima husikilizwa mwisho.

Kiwango kilichotumika katika utafiti huo ni rahisi kukumbuka: asilimia 10, yaani gramu 100 za majani makavu yaliyosagwa kwa kila lita moja ya maji. Majani hukaushwa kivulini, kwa maana jua kali huharibu viini vyake. Husagwa, hulowekwa usiku kucha, kisha maji huchujwa kwa kitambaa kabla ya kutiwa kwenye bomba la mgongoni. Sabuni kidogo huongezwa ili maji yashike kwenye jani badala ya kuteleza. Wakati mzuri wa kupiga ni jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani na jua likiwa limepoa.

Alizeti pori ina kazi nyingine tena. Utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya miaka ya 1990 ulionesha kuwa majani yake mabichi, yakihesabiwa kwa uzito mkavu, yana takriban asilimia 3.5 ya naitrojeni na asilimia 4 ya potasiamu, pamoja na fosforasi kiasi. Potasiamu ndiyo inayousaidia mmea kufungua na kufunga vile vitundu vya majani. Kwa hiyo kukata alizeti pori iliyo mpakani na kuifukia, au kuitandaza chini ya migomba na mibuni, ni kurudisha shambani chakula kilekile ambacho mmea huo umekikusanya mahali ambapo jembe halifiki.

Utupa nao una jambo la kuangaliwa. Siyo utupa wote ulio sawa. Mwaka 2012, wanasayansi waliochunguza mimea iliyokusanywa Malawi, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, walichapisha matokeo yanayoonesha kuwa utupa una aina mbili za kikemia zinazofanana kwa macho. Aina moja ina viini vya rotenoidi, ambavyo ndivyo vinavyoua wadudu. Nyingine haina. Takriban robo ya wakulima waliochunguzwa walikuwa wakitumia ile isiyo na viini hivyo, wakitoka jasho kutwa nzima kwa kutwanga majani yasiyowasaidia dhidi ya mdudu hata mmoja. Baadaye uchunguzi mpana zaidi wa Afrika Mashariki ulikuta aina tatu. Ndiyo maana jirani mmoja atasema utupa ni dawa na mwingine atasema ni uzushi, na wote wawili wakawa wanasema kweli. Jambo la busara ni kujaribu kwanza kwenye mistari miwili ya maharage, kisha mbegu za vichaka vilivyofanya kazi zitunzwe na kugawanywa kijijini. Hata ile aina isiyoua wadudu haistahili kung'olewa, kwani utupa ni jamii ya kunde na mizizi yake huingiza naitrojeni ardhini.

Wenyeji wa mwambao wa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, wanaujua utupa kwa sababu nyingine. Majani yake yaliyopondwa yakitiwa majini huwafanya samaki waelee juu. Vile viini vya rotenoidi huzuia seli zisitumie oksijeni, hivyo samaki hukosa pumzi akiwa ndani ya maji yaliyojaa hewa. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu, na utupa haukusamehewa kwa kuwa ni mti wa asili. Hapa ndipo mlima na ziwa vinapokutana. Sehemu ya vijito vya Umatengo huteremka hadi Nyasa, ziwa lenye mamia ya aina za samaki ambao hawapatikani kwingine duniani. Mkulima anayepiga utupa milimani asioshe bomba kijitoni, asimwage masalia kwenye mfereji, na aache ukanda wa nyasi kati ya shamba na maji. Avae pia nguo za mikono mirefu na kufunika pua anaposaga majani makavu, kwa sababu kinachodhuru samaki na wadudu si cha kuvutwa kifuani.

Kahawa, zao la fedha la Mbinga, imefuata njia ya kwake. Kwa miongo mingi wakulima walitegemea aina za N39 na KP423, zenye kikombe kizuri lakini zisizohimili chule buni wala kutu ya majani. Chule buni, kuvu linaloozesha tunda likiwa bado bichi, lilitambuliwa kwanza Kenya mwaka 1922 na likaingia Tanzania miaka ya 1960. Dawa yake ilikuwa kupiga shaba, yaani kopa, mara kwa mara msimu mzima. Shaba haiozi. Inabaki ardhini mwaka baada ya mwaka, ikiwasumbua minyoo na vijidudu vinavyoushikilia uhai wa udongo. Mwaka 2005 Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, ilitoa aina mpya za arabika zilizorithi ukinzani kutoka kwa kahawa kama ile chotara ya kisiwa cha Timor, na kituo chake cha Ugano, Mbinga, kimekuwa kikizalisha miche na kuwafundisha wakulima kuizalisha wenyewe kwa vikonyo. Mbuni usiougua hauhitaji kopa ya chule buni. Fedha ya dawa inabaki mfukoni, na udongo unapona.

Kinachotisha zaidi kwa sasa ni joto la usiku. Utafiti ulioongozwa na Alessandro Craparo wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, uliochapishwa mwaka 2015 kwa kutumia takwimu za Tanzania za tangu miaka ya 1960, ulikuta kuwa kila joto la chini la usiku linapopanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, mavuno ya arabika hushuka kwa takriban kilo 137 kwa hekta. Kwa mkulima mdogo anayevuna kilo mia chache kwa hekta, hilo ni pigo la kuvunja nyumba. Usiku ukiwa na joto, mbuni huendelea kupumua kwa kasi na kula sukari iliyotengenezwa mchana. Kivuli cha migrivea na migomba hakiwezi kuupoza usiku, ila kinapunguza makali ya mchana na upepo mkavu. Matandazo ya nyasi yanaweka unyevu kwenye mizizi ya juu wakati wa kiangazi kirefu cha Mei hadi Oktoba. Mbuni uliopunguziwa mizigo mingine hubeba huu mmoja kwa nafuu.

Ukishuka kwa ile barabara inayojipindapinda kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilimo hubadilika. Uso wa ziwa uko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, joto ni kali, na muhogo ndio chakula. Hapa adui mkubwa ni michirizi ya kahawia, ugonjwa wa virusi ambao mtafiti H. H. Storey aliueleza kwa mara ya kwanza akiwa Amani, Tanga, mwaka 1936. Kufikia mwaka 1950 ilikwishajulikana kuwa maskani yake ni pwani ya Afrika Mashariki na mwambao wa Ziwa Nyasa. Ubaya wake ni kujificha: majani yanaweza kuonekana na nafuu huku mizizi ikiwa imeshaoza vipande vipande ardhini, na mama aliyetegemea shamba la muhogo kama akiba ya kiangazi akachimbua kitu kisichofaa hata kwa nguruwe.

Hakuna dawa ya kunyunyizia inayoponya virusi hivyo, wala busta. Kuna kuchagua aina zenye uvumilivu, kama Kiroba, iliyoidhinishwa nchini mwaka 2004, na kuna umakini wa siku ya kukata vijiti vya kupanda. Anayetaka mbegu kwa jirani hatosheki na kuangalia mashina marefu yenye afya. Anaomba mzizi ung'olewe, anaukata kwa kisu katikati na kuutazama ndani. Ukiwa mweupe wote, vijiti vya shina hilo vinafungwa na kupelekwa shambani. Ukiwa na madoa ya kahawia hata kidogo, shina zima linakwenda kwenye moto, na anahamia shina la pili.